Alama ya Rangi ya Kucha

Hadi leo sipiti soko la Burma bila kuvuta kofia machoni, na nyama yao naipenda sana, kwa hiyo mjue aibu niliyoipata pale haikuwa ya mchezo. Waliokaa mtaa wa Shauri Moyo miaka ya themanini wananifahamu kwa jina la Mwalimu Kucha. Nitawaambia lilitoka wapi, chekeni mkitaka, ila msimwambie mke wangu kwamba ile rangi ilikuwa yake (mpaka leo anaamini dada yangu ndiye aliyeichukua).

Nilikuwa na chumba kimoja nilichokiita chuo, na kompyuta moja ambayo skrini yake ilionyesha maandishi ya kijani tu. Mama Auma, kiongozi wa akina mama wa kanisa, alikuwa na kundi zima la wasichana wa kuniletea niwafundishe, lakini alikuwa amesikia kwamba mjini kuna chuo chenye kompyuta za rangi. "Mwalimu," akaniambia, "Jumamosi tunakuja kuangalia. Kama ni hiyo kijani tu, wasichana wetu tunapeleka mjini." Bila wale wasichana chuo kilikuwa kinafungwa, na hilo nililijua vizuri kuliko yeye.

Nikaelekezwa kwa Bwana Twalib, mtu wa Mombasa aliyeuza mashine za ofisi zilizokwisha kutumika, duka lake likiwa nyuma ya mabucha ya Burma. Niliambiwa ndani ya kompyuta kuna kadi inayopeleka picha kwenye skrini, ukibadilisha kadi umepata rangi. Sasa mimi nimekulia karibu na soko la Gikomba, na sisi kununua spea tunajua njia moja tu: unang'oa ile ya zamani, unaibeba, unailinganisha na mpya tundu kwa tundu, na maneno ya muuzaji unayaacha yapite. Kabla ya kutoka nyumbani nikaipaka kadi yangu alama nyekundu pembeni kwa rangi ya kucha, ili huyo Twalib asije akanibadilishia (angenibadilishia kwa nini, sikujiuliza), kadi na kichupa nikavitia mfukoni mwa koti.

Alinikaribisha kwa kahawa na kaimati. Hapo ndipo nilipomshuku kabisa, maana ni muuzaji gani anayekulisha kabla hujanunua? Akatoa kadi ya rangi, nikaiweka kando ya yangu, na mahali pa kuchomeka waya palikuwa palepale, matundu sawasawa.

"Mwanangu," akasema, "kadi hii yataka skrini yake ya rangi. Ukiichomeka kwa hiyo yako ya kijani utaiunguza. Skrini ninayo, chukua zote mbili, utalipa polepole."

Nikacheka moyoni. Ala, kumbe mtego ndio huo, nimekuja kwa kitu kimoja nibebeshwe viwili! "Mzee," nikamwambia, "mimi ni mtoto wa hapa." Akanitazama, akaifunga kadi kwa gazeti, akasema, "Haya. Sikio la kufa halisikii dawa." Nikaona sasa ananitukana.

Jumamosi akina mama wakajaa chumbani na vitambaa vyao vyeupe kichwani, majirani wakachungulia dirishani. Kadi mpya ikiwa ndani, skrini ni ileile ya kijani, nikawasha. Skrini ikaanza kulia mlio mwembamba kama wa mbu, mistari ikaruka ruka, na mimi (niliyemshuku kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe) nikawaambia wasubiri, rangi inapata moto kwanza.

"Mwalimu," akasema Mama Auma, "mbona hiyo rangi inanuka?"

Moshi ukatoka kwa nyuma, kitu kikalia paa, skrini ikafa. Benchi likaanguka, mtu akamwita Yesu, wote wakakimbilia mlangoni.

Ningenyamaza hapo ingekuwa aibu ndogo. Lakini mimi mshukiwa wangu nilikuwa naye tayari. "Ni yule wa Burma, ameniuzia kitu kibovu!" Nikaichomoa ile kadi nikatoka mbio, akina mama nyuma yangu na majirani nyuma yao, maana kwetu mtu akitoka na hasira haachwi aende peke yake. Kufika Burma, watu wako na nyama mdomoni, nikapaza sauti: "Mwizi! Twalib mwizi!"

Mnajua neno hilo linavyofanya kazi mitaa yetu ya Eastlands. Wachoma nyama wakatoka na visu vyao, wengine walikuwa wameshaokota mawe. Twalib akatokea mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi.

"Mwanangu, uliichomeka kwa skrini gani?"

Mama Auma akanijibia: "Ile ya kijani."

"Na nilikwambia nini?"

"Ulisema itaungua," nikajibu kwa sauti ya chini, lakini mchoma nyama mmoja alinisikia. "Buda, si alikuambia! Sasa mwizi ni nani?"

Nikajitetea kwamba labda kadi zilibadilishwa, nikachomoa ile ya zamani mfukoni mwa koti lilelile kuonyesha alama, na kichupa cha rangi ya kucha kikaanguka miguuni pangu. Burma nzima ikacheka, mawe yakatupwa chini, na jina nikapewa palepale.

Mama Auma akamwomba Twalib msamaha, akamwomba na ile skrini ya rangi, ilipwe polepole. Twalib akaileta, akamkabidhi yeye, si mimi. Kisha akainama, akaokota kichupa changu, akaipaka skrini yake alama nyekundu pembeni, polepole, sote tukitazama.

"Si kwa ubaya," akasema. "Nisije nikabadilishiwa."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Wasichana walikuja, chuo hakikufungwa. Na neno mwizi sijamwita mtu tena, hata yule aliyeniibia redio, ambaye namjua, nikikutana naye namsalimia tu. Ila miaka yote niliyofundisha, kila asubuhi nilipoketi mbele ya ile skrini, hata kabla sijaiwasha, rangi moja ilikuwa ipo tayari pale pembeni ikinitazama.