Dorkas na Tumbaku ya Mumewe

Fanueli alipopigwa na kiharusi, tumbaku yake ilikuwa bado inaning'inia darini, nusu mbichi nusu kavu. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, lori la kahawa likamshusha hospitali huko Same, na aliporudishwa nyumbani, upande wake wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mguu aliuburuza. Mkono ulikunjika kifuani. Ulimi uliokuwa ukianzisha nyimbo kanisani kila Jumapili haukutoa tena neno lolote, isipokuwa sauti moja, "hee," ambayo ilikuwa ya ndiyo, ya hapana, ya maji na ya maumivu.

Mimi nilikuwa jirani yao. Migomba yangu ilipakana na yao, na kutoka jikoni kwangu nilisikia kila walichozungumza, au tuseme kila alichozungumza Dorkas mkewe, maana tangu siku ile ni yeye peke yake aliyekuwa akizungumza.

Kwetu huku juu ya Bombo watu wengi walikuwa na miche michache ya tumbaku nyuma ya nyumba, ya ugoro wa wazee. Lakini ya Fanueli ilikuwa na jina. Wafugaji wa tambarare waliipandia mlima kuifuata, wakaleta samli na magadi. Alikuwa akichanganya mbegu zake na majivu, kwa kuwa ni ndogo kama vumbi, akazimwaga kitaluni huku amezuia pumzi. Alikata maua kabla hayajafunguka ili nguvu irudi kwenye majani. Alichuma jani moja moja, la chini kwanza, likishaingia umanjano na kunata vidoleni. Kisha moshi, kisha ukungu wa asubuhi wa kulilainisha, kisha kufungwa kwenye majani ya mgomba na kukandamizwa chini ya jiwe mpaka lijipikie lenyewe kwa joto lake. Hapo kwenye jiwe ndipo kazi ilipokuwa. Siku gani afungue, siku gani ageuze, hakumwambia mtu. Hakuwa mchoyo. Alisema tu kwamba tumbaku haitaki mikono ya watu wawili.

Dorkas naye hakuitaka. "Tumbaku yako, maharage yangu," alizoea kumwambia, na wote wawili walicheka. Kazi yake ilikuwa kuisaga ikishaiva, basi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuta ugoro hata mara moja, na ukimpitia karibu alipiga chafya.

Wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Fanueli aligusa pua kwa mkono wake mzima, akasema, "Hee." Dorkas akaelewa. Akamletea kijaluba chake cha ugoro, akampakia kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba. Fanueli akavuta, akafumba macho, na ule uso uliokuwa umevutwa upande mmoja ukalegea ukawa uso wake wa zamani. Dorkas alinisimulia jambo hilo akiwa amesimama kwenye mpaka wetu, akilia na kucheka. "Yumo ndani," aliniambia. "Nimemwona."

Ugoro wa kijaluba ulipokaribia kwisha, akateremka sokoni Same kununua mwingine. Fanueli alinusa, akaufuta puani kwa kiganja. Akanunua wa mtu mwingine. Akaufuta huo pia. Ndipo Dorkas akapanda darini kuangalia yale majani yaliyoachwa.

Yalikuwa yameota ukungu mweupe. Alishusha fungu moja, akaliweka mapajani mwa mumewe.

"Baba Eliwaza, nifanye nini? Niyafute? Niyarudishe kwenye moshi?"

"Hee."

"Niyafute?"

"Hee."

"Au niyatupe?"

"Hee, hee," na machozi yakamtiririka kwenye lile shavu lisilo na hisia, asijue kwamba yanamtoka. Kila kitu alichouliza mkewe kilikuwa kichwani mwake, tena kwa mpangilio. Hakuna hata kimoja kilichoweza kutoka. Dorkas aliyatupa majani, akakaa kizingitini mpaka kuku wakaingia ndani wenyewe.

Msimu uliofuata alipanda yeye. Alimtoa mumewe kila asubuhi, kamkumbatia kwapani, akamkalisha kwenye kigoda ukingoni mwa kitalu na fimbo mkononi. Fanueli alipiga ardhi kwa fimbo mkewe alipokosea; kosa lenyewe Dorkas alilitafuta mwenyewe. Mara alikuwa amepanda karibu karibu mno, mara amekata ua pamoja na majani yake mawili ya juu, mara hakuwa amekosea kitu, ni inzi tu aliyemsumbua mzee. Walifika mpaka kwenye jiwe. Hapo Dorkas alichelewa kufungua, na jani likaungua kwa joto lake, likatoka jeusi, lenye utelezi na harufu ya zizi.

Watu walimwambia aache. Binti zao wawili walikuwa wameolewa mbali, Eliwaza huko Kileo tambarare na mdogo wake Tanga, na wote walituma salamu hizo hizo: mama, pumzika. Hata mchungaji alimwambia kwa upole kwamba mgonjwa hafi kwa kukosa ugoro.

"Najua hafi," Dorkas alijibu. "Lakini sina kingine ninachoweza kumpa."

Msimu wa tatu alibadilisha njia. Aliacha kumuuliza maswali. Alichukua jani, akalipeleka puani kwa mumewe, akautazama uso. Pua ikikunjamana, bado. Macho yakifumba na kukawia kufumbuka, tayari. Akajifunza uso ule kama mtu anavyojifunza njia ya kijiji kigeni. Na miche nayo ilikubali mwaka ule. Alikuwa ameitilia samadi na kuinywesha maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kila zamu yake ilipofika. Ilisimama kimo cha bega, majani mapana kama masikio ya ndama.

Lakini mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mvua za vuli zilikuwa zimetukimbia na za masika zilikawia. Ndiva ilishuka mpaka tukaona matope ya chini. Redioni ilitangazwa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, kila kaya iwe na shamba la chakula. Hilo lilikuwa halali. Njaa tuliiona kwa macho. Kamati ya kijiji chetu ikaongeza la kwake: kisichoenda tumboni king'olewe, mahindi yapandwe mahali pake, kabla bwana shamba wa wilaya hajapita kukagua.

Katibu wa kijiji alikuwa Aminieli, mtoto wa dada yake Fanueli. Mama yake alikufa yeye angali mchanga, na ni Dorkas aliyemlea. Alimwita mama. Shule alisomeshwa kwa tumbaku ile ile.

Alikuja na vijana watatu wenye majembe. Wale vijana aliwaacha njiani, akaingia peke yake uani, kavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Makande yapo jikoni."

"Sikuja kula."

Dorkas aliyaona majembe juu ya ua. Akaweka chini ungo aliokuwa nao.

"Aminieli, majani ya chini yameanza kuwa manjano. Niachie siku chache tu, niyachume. Kisha nitang'oa mwenyewe, nitapanda hayo mahindi."

"Bwana shamba anapita kesho kutwa."

"Basi aje nimwonyeshe. Nina maharage kule chini, nina mihogo, nina migomba. Nani amelala njaa humu ndani?"

"Mama, nilisema kwenye kamati. Nilisema habari ya mjomba, nikasema yote. Wakaniuliza kama sheria ina mjomba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikiiacha hii, kesho nitang'oa vipi mibuni michanga ya Filipo? Nitang'oa vipi ya mtu yeyote?"

Fanueli alikuwa kwenye kigoda chake, fimbo mkononi, akiwatazama wote wawili. Aminieli alikwenda akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Hee," alisema Fanueli. Kisha akasema tena, kwa nguvu zaidi, akauinua mkono wake mzima na kuuacha ubaki hewani.

Aminieli akageuka. "Anasema nini?"

Dorkas alimtazama mumewe muda mrefu. Uso ule aliousomea msimu mzima.

"Sijui," alisema. "Haki ya Mungu sijui, mwanangu."

Pengine alikuwa anamkataza. Pengine alikuwa anambariki, maana mkono ule ulikuwa juu ya kichwa cha kijana. Aminieli alingoja kidogo pale chini, kisha akainuka, akawaita vijana. Nilisimama kwenye mpaka wangu. Miche ya tumbaku haina mizizi mirefu. Inang'oka kwa urahisi kuliko magugu. Walimaliza kabla jua halijafika juu ya migomba, na Aminieli alifanya kazi kuliko wale watatu, hakuinua kichwa hata mara moja. Fanueli alikuwa akipiga ardhi kwa fimbo. Alipiga, akapiga, mpaka fimbo ikamdondoka, na hakuna aliyemwokotea.

Walipoondoka, Dorkas aliikusanya miche yote iliyolala, akayakata majani yake na kuyafunga kwa nyuzi za migomba. Nilimsaidia. Vidole vyetu havikunata, na hilo peke yake lilitosha kutuambia. Jani likichumwa kabla ya wakati wake hukauka na ubichi wake. Halisogei kwenda umanjano, linakwama pale pale ulipolikata. Tuliyalundika chini ya mablanketi ili yapate joto. Tukayanyunyizia maji. Jirani mwingine, Koleta wa bondeni, akasema tuyaanike juani mchana na kuyaacha kwenye umande usiku, tukayaanika. Akasema tuyapake asali, na asali aliitoa yeye mwenyewe. Kila siku Dorkas alipeleka jani puani kwa mumewe, na kila siku pua ilikunjamana.

Mwishowe akayasaga hivyo hivyo. Ugoro ulitoka wa kijani, kama mchicha uliokauka. Akauchanganya na magadi na samli ya mwisho iliyokuwamo ndani, akampakia kwenye ukucha.

Fanueli alivuta. Alikohoa mpaka tukamshika asianguke kwenye kigoda, macho yakawa mekundu, makamasi yakamshuka. Dorkas akamfuta, akakifunga kijaluba. "Basi," alisema. "Basi, Baba Eliwaza. Imeshindikana."

Kesho yake asubuhi mzee akagusa pua.

"Ni ule ule," mkewe akamwambia. "Sina mwingine."

"Hee."

Akampa. Akakohoa vile vile, akalia machozi vile vile. Na siku iliyofuata akagusa pua tena. Iliendelea hivyo: kila asubuhi anaomba kitu kinachomuumiza, kila asubuhi Dorkas anampa na kumshika mabega mpaka kikohozi kipite. Sijui kama alikuwa anamhurumia mkewe kwa kazi aliyoifanya, au mwili tu ulikuwa unadai mazoea yake. Dorkas naye hakujua. Siku moja aliniambia kwamba angependa hata mzee amtupie yeye kijaluba usoni, angalau angejua.

Mahindi yalipandwa mahali pa tumbaku. Aminieli mwenyewe alileta mbegu. Bwana shamba alipita kweli, akatazama matuta yaliyonyooka, akaridhika, akashuka zake. Mvua ikanyesha siku chache za kulowesha vumbi, ikakatika. Mahindi yalitoa mbelewele yakiwa kimo cha goti, yakakauka yamesimama. Dorkas aliyakatia mbuzi. Tukala, kama nchi nzima, unga wa njano wa msaada tuliouita yanga, tuliopewa kwa foleni, na Aminieli ndiye aliyekuwa akigawa. Dorkas alipofika mbele alimpimia sawa na wengine. Naye hakudai zaidi. Walisalimiana kwa heshima, shikamoo, marahaba, basi.

Fanueli alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu, kiharusi kilipomrudia. Hakukawia. Aminieli, ambaye wakati ule alikuwa amehamishiwa kijiji kingine, alipanda mlima kwa miguu, akachimba kaburi na hakukubali kupokewa sepetu. Baada ya mazishi alikaa peke yake kando ya zizi. Dorkas alimpelekea sahani ya makande mwenyewe, akaiweka magotini pake.

"Mama," alisema, "siku ile, alipoinua mkono..."

"Kula," Dorkas alimwambia. "Nimejiuliza mpaka nimechoka. Kula."

Mwaka uliofuata Eliwaza alikuja kumchukua mama yake akakae naye Kileo. Nyumba ilibaki na mwalimu wa shule. Nilimtembelea Dorkas huko mara moja. Alikuwa amekonda kwa joto na homa za tambarare, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele wa wajukuu. Tulizungumza ya nyumbani, nani kaoa, nani kafa. Nikamuuliza kama alijaribu tena kuotesha tumbaku, kwa kuwa ule msimu wa tatu alikuwa amekwisha kuijua.

"Ardhi ya huku ina chumvi," alisema. Akapepeta mchele, akaongeza, "Na hata ingekuwa nzuri, nani wa kuninusia?"

Hakusema kwa kulalamika. Eliwaza akatuletea chai, tukanywa, nikaaga mapema ili niwahi basi la kurudi Same.