Uyoga Wenye Masikio

Mvua ya kwanza ya Septemba, kwenye vilima vya juu ya Katana, ilinukia vumbi lililolowa na majani ya mikaratusi. Ukungu ulipanda polepole kutoka ziwani, ukameza migomba, ukameza njia, hata mtu akatembea kama aliye usingizini. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Bukavu kuja kwa ndugu wa mama, kwa sababu mama alikuwa ametoka hospitali na hakuwa akila. Ugali aliusukuma, samaki aliwageuzia uso, mikono yake ikawa myepesi kama ya mtoto. Siku moja akasema neno moja tu: uyoga. Nyumba nzima ikasimama.

Asubuhi dada yake mdogo, niliyemwita Tantine, alichukua kikapu akanishika mkono. Kila mwanamke wa pale alikuwa na kichuguu chake cha uyoga msituni, na mahali pake hapakutajwa hata kwa jirani mwema. Tulipita kwenye majani marefu yaliyotulowesha hadi kiunoni. Nilijaza mifuko yangu hazina: matunda madogo ya manjano yaliyojificha ndani ya vifuko vikavu, mwiba wa nungunungu, kokwa nyeusi zinazong'aa. Karibu na kichuguu Tantine alinong'ona:

“Sasa funga kinywa. Uyoga iko na masikio. Ikisikia sauti ya mutu, inakimbia.”

“Inakimbia na miguu gani?”

“Njo vile umeanza! Wewe utauliza hata Mungu kitambulisho.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Tayari niliona kwamba methali hiyo ilitungwa na wakuu wenyewe. Uyoga ulikuwepo, mweupe, mpana kama sahani, umetoboa udongo mwekundu pande zote. Ulikuwa umetulia mno. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: “Uyogaaa!” Mwangwi ukazunguka bondeni, ukarudi. Hakuna kilichosogea.

“Tantine, angalia! Haikimbie!”

Alikuwa amepiga magoti, akichuma kwa mikono miwili, haraka, kama anayeokoa vitu kwenye moto. Nilielewa niliposikia vicheko ndani ya ukungu. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya mbuzi walitokea mmoja mmoja, na watoto wao mgongoni.

“Aksanti kwa kutuita, mama!” alisema wa kwanza, akitandaza kitenge chake. “Kumbe mujini banafundisha batoto roho nzuri!”

Ndiyo ilikuwa desturi: anayeita kwenye kichuguu amealika, na aliyefika kabla kikapu hakijapanda kichwani ana fungu lake. Wengi wape. Tantine aliugawa mmoja mmoja, bila kununa, bila kumtaja mgonjwa. Tulibaki na vichwa vinne.

Njiani nililia. “Kwa nini hukuniambia ni sababu ya watu?”

“Ningekuambia, ungekubali?”

Jikoni nilikiri kosa langu kwa mama kabla sufuria haijachemka. Akacheka, kicheko kilichoanza kama kikohozi na kumlazimisha kukaa. Akala vichwa vyote vinne vya uyoga, polepole, akasukuma bakuli kwangu likiwa na mchuzi.

Leo naishi Bukavu, nimesoma, na ninajua kwamba mchwa ndio wanaoulima uyoga ule ndani ya ardhi, wala hauna sikio hata moja. Kichuguu kimebomolewa, udongo wake umefyatuliwa matofali. Septemba iliyopita nilinunua uyoga sokoni, beseni zima, nikampikia mama. Alimaliza sahani, akaomba nyingine, kisha akasifu chumvi. Nabishana na mapadri, na walimu, na redio. Lakini sijawahi kumuuliza kama siku ile alikuwa ameshiba kweli aliponiachia ule mchuzi.