Kidole Gumba Juu ya Namba

Mwaka jana, siku mbili kabla ya Idi, mtoto wa marehemu mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu Makiso ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Harusi yake ilikuwa wiki tatu mbele. Mahari ilikwisha kupokelewa, na mke wangu alikuwa ametandaza kitambaa cha harusi mezani ili aanze kukikata.

"Papa," alisema kabla hajakaa, "uende kwa baba ya ule binti. Umwambie sitaoa tena."

Mke wangu aliweka mkasi chini. Kijana akanipa karatasi, maana anajua nilifanya kazi ya maabara mpaka nikazeeka. Walikuwa wamempima damu kutafuta homoni ya kiume, ile testosteroni. Namba ilikuwa chini ya mpaka wa chini, na pembeni yake mashine ilichapa mshale unaoelekea ardhini.

"Nani alikutuma upime hii?"

Hakuna aliyemtuma. Alikwenda kupima damu kwa ajili ya cheti cha ndoa, kama wachumba wote, na alipofika akaomba na hii waiongeze.

"Wenzangu wananiita madame, Papa. Miaka makumi mbili na tano, ndevu saba! Na siku hizi niko nachoka tu, sina hamu ya kitu. Bon, karatasi imesema. Nitamuonea bure mutoto ya watu."

Nilitaka kumfariji, lakini kwanza nikafanya nilichofundishwa. Kazi hii nilifundishwa na sista mmoja Mkatoliki, mkali, Mungu amlipe mema. Hakuturuhusu kutazama namba kabla ya kusoma kichwa cha karatasi. Tuliposahau, aliiziba kwa kidole gumba na kuuliza: damu ya nani, ilitoka saa ngapi, mtu alikuwa katika hali gani? Nami nikaziba namba kwa kidole gumba. Juu iliandikwa saa kumi na dakika kumi, alasiri.

"Kwa nini hukwenda asubuhi?"

"Asubuhi nilikuwa nalala kidogo. Usiku wote niko musikitini."

Hapo nikaelewa, na kicheko kikanishinda. Katika familia yetu, kijana anayeoa baada ya Idi hukaa msikitini kumi la mwisho la Ramadhani. Huyu alikuwa akisali usiku kucha, akiamsha watu kula daku, kisha akilala kwa muda wa saa mbili tu baada ya alfajiri.

"Papa, iko kitu ya kucheka?"

"Mutoto yangu, umetoka itikafu kwa ajili ya ndevu?"

Akainamisha kichwa. "Imamu alijua naenda kutafuta cheti."

Nikamkalisha, nikamweleza polepole. Homoni hii hupanda mtu anapolala, huwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kukosa usingizi huishusha, na njaa ya siku nyingi pia. Ndiyo maana hupimwa asubuhi, kabla ya kula, mtu akiwa mzima na amelala vizuri, na ikitoka chini hurudiwa siku nyingine kabla ya kusema neno lolote.

"Wewe umemupima mutu wa kumi la mwisho," nilimwambia, "halafu ukamuhukumu mutu wa mwaka mzima."

"Na ikibaki chini?"

"Tutakwenda kwa daktari. Atapima na homoni za kichwani zinazoiamrisha hii, atafute sababu. Ni ugonjwa kama mwingine, na una dawa. Halafu utamwambia binti ukweli wewe mwenyewe, na yeye atachagua. Lakini mimi siendi kwa baba yake mpaka nione karatasi mbili za asubuhi."

Nilisema kwa sauti imara. Moyoni sikuwa na hakika, kwa kuwa uchovu wake ungeweza kuwa na sababu nyingine. Nimefundisha watoto wa madrasa habari za subira miaka mingi. Siku zile nilirudi darasani mimi mwenyewe.

Baada ya Idi alilala kwetu. Mke wangu aliulinda usingizi wake kama mali ya yatima. Hata mbuzi wa jirani walifukuzwa. Alimlisha samaki na ndizi za makemba mpaka akaomba huruma. Wiki ya pili, saa moja asubuhi, nikamwamuru aende kupima bila chai.

"Papa! Ramadhani imeisha, bado nafunga?"

"Mpaka sindano tu. Panda baiskeli ya toleka, usichelewe."

Siku nne baadaye akarudia, maabara ileile, saa ileile. Akaniletea karatasi zote mbili pamoja, hajazifungua. Nikaweka kidole gumba juu ya namba ya kwanza. Jina, lake. Saa, moja na nusu. Usingizi, tele.

"Papa, toa kidole!"

Nikatoa. Hakukuwa na mshale. Karatasi ya pili, hakuna mshale, na namba imezidi ya kwanza kidogo. Kijana alishika kichwa, akacheka, akalia, kisha akauliza, "Na ndevu?"

"Ndevu haziko katika karatasi hii. Mwombe aliyekupa saba akuongezee."

Alikuwa amekwisha kutoka, akiita toleka kwa sauti iliyotikisa mtaa, kuelekea kwa mchumba wake. Nikasujudu palepale kwa shukrani. Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi, akiningoja.

"Kata," nikamwambia.