Sauti ya Mwanamke Nyuma ya Ukuta

Siku za kazi Gaston alikuwa kinyozi kama vinyozi wengine wa Kadutu, mjini Bukavu: kiti kimoja, kioo chenye ufa, wembe alioupitisha juu ya mkanda wa ngozi mpaka ukalia. Lakini Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa parokia, alikuwa kijiji kizima. Filme zilikuja kwa Kifaransa, na Kifaransa cha filme kinakimbia. Basi Gaston alisimama gizani kando ya kitambaa cheupe akawasemea wote kwa Kiswahili: askari, mlevi, padri, mtoto mwenye mafua, bibi kizee. Watu walimwita Musemaji. Wachache tu waliujua uso wake, maana aliingia taa zikisha kuzimwa na kutoka kwa mlango wa nyuma kabla hazijawashwa.

Sauti hizo hakufundishwa na mtu. Alizipata utotoni kule Nyantende, alipotumwa maji asubuhi ukungu umelala juu ya migomba. Alikuwa mwoga, mwoga kabisa, hata jani likimgusa begani alipiga magoti. Siku moja akagundua dawa: akisema kwa sauti ya baba, akajijibu kwa sauti ya shangazi, kisha akakohoa kama babu, basi chochote kilichojificha mule kingedhani wanapita watu wengi. Akafika nyumbani mzima. Tangu hapo, woga ukimshika, Gaston alijigawa.

Mwaka ule filme iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya watu wasiojuana, waliofungiwa na theluji katika hoteli ya mlimani. Anatoka mmoja kutafuta kuni, harudi. Anatoka wa pili kumtafuta wa kwanza, harudi. Mwenye nguo nyeusi asiyesema anatiliwa shaka na wote. Karibu na mwisho mpishi, mama mtu mzima, anaanguka magoti akiomba asiuawe, na hapo ndipo unapoona uso wa muuaji: ni yule kijana mpole aliyetetemeka kuliko wote, aliyekuwa akifunga milango na kuwalilia waliopotea. Ukumbi ulipiga kelele kila mara: "Kumbe weye!" Na kila mara, mpishi alipoomba kwa sauti nyembamba ya Gaston, watu walicheka mpaka machozi. Mwanaume kulia kama mwanamke, nani hacheki? Hawakujua kwamba Musemaji mwenyewe hakuwahi kuitazama sehemu hiyo. Aliisema macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Mvua zilipoanza, Gaston alikwenda Kamituga kumwona dada yake aliyejifungua. Wakati wa kurudi dada alijivua kikwembe chake kizuri, kitenge alichojifunga kiunoni, akasema, "Umupelekee Jeanine. Sina kitu ingine." Jeanine ni mke wa Gaston. Akakikunja ndani ya mfuko pamoja na wembe wake, akapanda kamio, lori la dereva Modeste.

Hawakufika mbali. Katika milima ya Mwenga mto ulikuwa umechukua daraja. Abiria wengi walirudi nyuma kwa miguu. Wakabaki wanne, wakajificha mvua katika nyumba kuu ya shamba lililoachwa. Mzungu alikuwa ameondoka, na citoyen, mwananchi aliyepewa shamba na serikali, aliuza milango kwanza, halafu mabati ya jikoni. Sebule tu ndiyo ilikuwa bado na paa.

"Mukae hapa, batu ya Mungu," Modeste alisema. "Naenda ku kijiji kutafuta mbao na wanaume wa kunisaidia. Mutu asitoketoke."

Akamezwa na ukungu. Gaston akakumbuka: hata katika filme aliyekwenda kutafuta kuni alisema hivyohivyo.

Aliwatazama wenzake mmojammoja. Maman Cibalonza, mwuza mawese, alikuwa amekalia bidoni yake, dumu la mafuta, kama kuku juu ya mayai. Yolande, mwalimu kijana wa shule ya msingi, alikuwa akikamua maji kwenye nywele. Na pale mlangoni, mtu mrefu kama nguzo, mchimba dhahabu aliyeitwa Adalbert. Jina hilo lilisemwa na Modeste, maana mwenyewe hakuwa amefungua mdomo tangu Kamituga. Kitambaa cheusi kilimzunguka kichwa na mashavu, yakabaki macho tu, mekundu. Mkononi alikuwa na panga.

"Weye kijana," Maman Cibalonza alimwambia Gaston, "mbona unatetemeka? Ni baridi ao ni zambi?"

"Baridi, maman."

"Baridi gani ya kugonganisha meno?"

Yolande akacheka kidogo, si sana. "Maman, hii inafanana na filme ya kule Kadutu. Batu banafungiwa mu nyumba. Na unajua nani alikuwa anaua? Ule alikuwa anaogopa kupita bengine."

Wote wakamgeukia Gaston.

Angesema pale pale, "Ni miye nilikusemea filme ile," mambo yangekwisha. Lakini aibu ilimziba. Musemaji wa Kadutu, anayenguruma kama askari, aonekane anatetemeka mbele ya mwalimu?

Adalbert akatoka nje na panga lake. Punde wakasikia kitu kikikatwa. Pa. Pa. Kisha kimya.

Gaston hakuweza kukaa. Akasema anakwenda kukojoa, akachukua mfuko wake, akazunguka mpaka nyuma ya ukuta wa jikoni, pale ambapo ardhi ilikuwa imekatika na mto ulinguruma chini, mwekundu kama udongo wa tofali. Akaegemea ukuta. Basi akafanya kama alivyofanya siku zote: akajigawa. Akamwita askari, akaja. Akamwita mlevi, akaja. Halafu, bila kuitwa, akaja mpishi.

"Usiniue, mutoto wangu," ile sauti nyembamba ilitoka. "Nilikupikia. Nilikufulia nguo. Niache nione batoto yangu!"

Na sauti ya chini, tamu, ikamjibu: "Nyamaza, maman. Inaisha sasa hivi."

Alipogeuka, Adalbert alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, panga mkononi. Nyuma yake walikuwa Maman Cibalonza na Yolande, midomo wazi.

"Ule mwanamuke iko wapi?" Maman Cibalonza aliuliza polepole.

"Mwanamuke gani?"

"Tumesikia! Alikuwa anakuomba, anakulilia batoto yake! Iko wapi?"

Macho yao yakateremka mtoni. Gaston naye akatazama chini, akajuta kutazama.

Yolande alimpokonya mfuko. Wembe ukaanguka wa kwanza. Halafu kikwembe, kimelowa mvua. Maman Cibalonza akakinusa, akapiga yowe. "Kinanuka maziwa! Yesu wangu, ni mama mwenye kunyonyesha!"

"Ni ya dada yangu!"

"Na dada yako iko wapi?"

"Ku Kamituga!"

"Jina yako nani?" Yolande aliuliza, akiwa ameshika karata ya utambulisho aliyoitoa mfukoni.

"Gaston."

"Hapa banaandika Mushagalusa."

Nani hakuwa na majina mawili miaka ile serikali ilipokataza majina ya Kizungu, moja la serikali na moja la ubatizo lililobaki nyumbani? Yolande mwenyewe alikuwa nayo mawili. Lakini woga haukumbuki.

"Sikilizeni," Gaston alisema, na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. "Ule mwanamuke... ni miye. Miye njo Musemaji wa Kadutu."

"Musemaji!" Yolande alirudi nyuma hatua moja. "Ule namusikia kila Jumamosi. Eko na sauti za batu kumi. Leta moja tu. Moja!"

Gaston akafungua mdomo. Ikatoka pumzi, kama tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba. Akajaribu askari: pumzi. Akajaribu mpishi: pumzi tena. Kijiji kizima kilikuwa kimekimbia, kikamwacha peke yake.

Adalbert alimfunga kwa kamba ya kamio kwenye nguzo ya baraza. Gaston sasa aliona vijiti na majani ya migomba aliyokuwa amekata Adalbert, yamerundikwa pale kwa moto na kwa kulalia. Ndiyo zile pa, pa. Lakini hilo lingemsaidia nini tena?

"Modeste anakuja na batu ya kijiji," Maman Cibalonza alisema, akikifuta kikwembe matope kwa upole kana kwamba mwenye nguo yumo ndani. "Tutabaambia. Bataamua."

Kila mtu alijua wataamua nini. Mama mwenye kunyonyesha, mtoni! Huku milimani nani angengoja askari wafike, na daraja limekwenda? Gaston alimfikiria Jeanine akiuliza habari kwa kila kamio inayoingia mjini. Kutoka ng'ambo ya ukungu sauti za wanaume zilianza kusikika, nyingi, na kelele za mbao zinazogongana. Zilikuwa zinakaribia.

Adalbert alisimama. Akamwendea Gaston, panga juu. Macho yale mekundu yalimfikia karibu kabisa, panga likapanda juu ya bega la Gaston, na hapo kitu kikapasuka kooni.

"USINIUE, MUTOTO WANGU! NILIKUPIKIAAA!"

Sauti nyembamba ya mwanamke ilipasua nyumba ile yote. Panga lilianguka. Bidoni ya mawese ilianguka. Maman Cibalonza aliangalia mdomo wa Gaston, akaangalia nyuma ya nguzo, akarudi kwenye mdomo.

"Ni yeye," Yolande alisema, amejishika kichwa. "Maman, ni yeye! Ule mupishi! Njo yeye mwenyewe!"

"Sasa weye," Maman Cibalonza alifoka, akimpiga Gaston kofi mkononi na huku akilia, "wakati yote hii unanyamazia nini? Tungekuua! Unasikia? Miye Cibalonza, mukristu, ningekuua!"

Ikasikika sauti nyingine, nzito, ya ajabu. Ilikuwa Adalbert. Alikuwa anacheka, halafu akajishika shavu, akaruka kwa mguu mmoja. "Aï! Aï, jino yangu!" Kitambaa kikamtoka, shavu lilikuwa limevimba kama embe. Alikuwa anakwenda Bukavu kung'olewa jino. "Nilitaka kukata kamba," alinung'unika, mate yakimtoka. "Utuonyeshe pale ulimutupa."

Modeste akatokea na mbao begani na wanaume wa kijiji nyuma yake. "Nani analia? Kuna mwanamuke ameumia?"

"Hakuna," Maman Cibalonza alisema. "Ni huyu Musemaji. Mufungueni."

Mbao zilipowekwa mtoni, kamio ikavuka, na njia nzima walimbembeleza. Adalbert alimpa koti lake. Maman Cibalonza alitaka mpishi tena, mara moja tu, acheke vizuri sasa. Gaston alitikisa kichwa. Mikono ilikuwa bado na alama za kamba.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa. Yolande alikaa benchi la mbele pamoja na Maman Cibalonza, ambaye hakuwa ameona filme maishani. Gaston alisema askari, akasema mlevi. Ilipofika pale mpishi anapoanguka magoti, watu walianza kucheka mapema, kama kawaida yao.

Sauti haikuja. Musemaji alikuwa amenyamaza. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameinua macho kutoka kwenye viatu, anamtazama yule mama. Mpishi akabaki anaomba peke yake, kwa Kifaransa chake, mikono imeunganishwa. Kicheko kikapungua benchi kwa benchi mpaka kikakatika, na hakuna aliyeuliza anasema nini.

Kisha uso wa muuaji ukatokea, na katika kimya kile Maman Cibalonza akasimama akapiga kelele:

"Mungu wangu, Gaston! Siye tulikufunga weye, kumbe ule hawakumufunga!"