Shule Aliyoizika Wepukhulu

Mume wangu Wepukhulu alikuwa na tabia ya kuzisalimia nyumba kabla ya watu. Tukienda ugenini, aliwapita wenyeji waliosimama mlangoni wakimnyooshea mkono, akaenda moja kwa moja kwenye kona, akapapasa ukuta kuanzia chini, ndipo akarudi kuuliza, "Hamjambo?" Aibu niliyoona ni yangu mwenyewe, sitaieleza yote. Lakini hakuzaliwa hivyo. Shule ya Chepsaita ndiyo iliyomgeuza.

Alitoka Kimilili mwaka wa 1928 akaja Eldoret, mji ambao sisi tuliuita Sisibo, bila kujua jiwe lina uso upi na mgongo upi. Kalasinga mmoja aliyekuwa akijenga maduka alimpa kazi ya kubeba maji, baadaye ya kukoroga simiti, mwishowe ya kupanga mawe. Alikaa naye miaka kumi na mitano. Somo lilikuwa fupi: chimba futi mbili, ukikuta kugumu weka jiwe pana, shusha timazi, panda juu. Maduka yote waliyojenga hivyo yalisimama. Wepukhulu aliziamini futi zake mbili kuliko alivyoniamini mimi, na mimi sikuwahi kumdanganya ila mara mbili.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Turbo, mimi nikipalilia mahindi yake, Wepukhulu akienda mjini kujenga. Watoto wa Chepsaita, kijiji chetu pale shambani, walisomea kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja hadi slati zikajifuta zenyewe. Basi kanisa letu likaomba kiwanja, na mwaka wa 1945 mwenye shamba akatupa kipande cha bondeni, tambarare, chenye udongo mweusi. Alikuwa mkarimu, simsemi vibaya. Ila na mimi nina macho, na nilijua ni pale trekta lake lilipokwama kila mvua.

Fundi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wangu. Wanaume walitoa mikono. Kila mama aliambiwa alete mawe mia moja kutoka kwenye machimbo, maili mbili, kichwani. Mia yangu niliimaliza nikiwa na mimba ya Khisa, na jiwe la mwisho nililichora alama ya msalaba kwa kisu ili Mungu asije akasema hakuniona.

Walianza kuchimba Januari, jua likiwa kali. Sururu iliruka kama imegonga chuma. Wepukhulu alirudi nyumbani anacheka.

"Mama Nanzala, hapo chini ni kugumu sijawahi kuona. Hata mjini hakuna udongo kama hiyo. Hii shule itatuzika sisi wote."

Akachimba futi zake mbili, akaridhika. Kuta zikapanda polepole, maana watu walijenga Jumamosi tu. Mvua ilipokuja, hakuna kilichotokea. Sote tulimsifu, naye akatembea kijijini amevua kofia, apate kusalimiwa vizuri.

Januari iliyofuata ukapasuka ukuta. Ufa ulianzia kwenye dirisha ukashuka kwa mshazari hadi kwenye kona, na kidole changu kiliingia chote. Wepukhulu alisimama mbele yake asubuhi nzima. Kisha akafanya alichofanya kila fundi niliyewahi kumwona: alikoroga simiti, akaujaza, akaulainisha, akaenda kunywa chai.

Hapo ndipo akili yake ilipoanza kuzunguka. Mvua ilipoanza, ule ufa ulitaka kujifunga, ukakuta simiti mdomoni. Ukuta ukasukumwa nje, ukatoa tumbo, na ufa mwingine ukafunguka kando yake, kisha mvua ilipozidi ukajifunga wenyewe. Aliteremsha timazi mara tatu, kila mara akaniambia kamba ina makosa.

"Nyumba inaharibika na maji," alisema. "Tangu nizaliwe, ni maji. Hii yangu inavunjika na jua, alafu mvua inakuja kuitibu. Sasa mimi nitasema nini?"

Watu walimsaidia kutoelewa. Mmoja alisema ni chokaa mbovu. Mwingine alisema ni ng'ombe wanaopita wakienda kunywa maji. Mwalimu Jackson, ambaye angefundisha hapo, alisema ukuta wa shule ya kanisa haupasuki bure, kuna mtu ana dhambi, akatazama upande wetu. Nilikasirika, nikamjibu kwamba kama dhambi zingepasua kuta, nyumba yake isingekuwa hata na mlango. Lakini usiku huo sikumwambia mume wangu neno la kumtia moyo. Na mimi nilishaanza kujiuliza kama nimeolewa na fundi au na mbeba maji.

Tuliezeka mabati hata hivyo, na kamati ya kanisa ikaamua shule ifunguliwe Januari ya 1948. Nanzala wetu, wa miaka saba, angekuwa darasa la kwanza. Mwezi wa Novemba nikakosa kioo changu, kile nilichopewa na mama nilipoolewa. Nilikikuta kwa Wepukhulu kimekatwa vipande vinne.

"Ni kwa kazi," alisema bila hata kuona haya. "Kalasinga alikuwa anafanya hivi. Unabandika kioo juu ya ufa na simiti, huku na huku. Ukuta ikitembea hata kidogo tu, kioo inavunjika. Isipovunjika, ukuta imelala."

Alibandika vitatu, kimoja akakiweka mfukoni. Nilimnunia wiki mbili. Kila nilipopita kuteka maji nilikuta vipande vya uso wangu vimebandikwa kwenye ukuta wa shule, nikazidi kununa. Kufikia Krismasi viwili vilikuwa vimekatika katikati. Cha tatu kilikatika siku ya mwaka mpya.

Akaenda mjini kwa Kalasinga. Alirudi jioni hiyo hiyo, amechanganyikiwa zaidi ya alivyoenda.

"Ameniuliza nimechimba ngapi. Nikamwambia futi mbili. Akasema, 'Futi mbili ya udongo gani?' Nikasema mweusi. Akacheka, Mama Nanzala. Akacheka mpaka kilemba ikasogea. Nikamuuliza ni nini. Akasema, 'Wewe chimba tu, ona.'"

Kesho yake alichimba shimo kando ya msingi wake, peke yake. Nilimpelekea uji nikamkuta amelala kifudifudi ukingoni. Ule udongo uliokuwa mgumu kama chuma ulikuwa umepasuka kwa kiu. Alichukua fimbo ya ng'ombe akaitumbukiza kwenye ufa mmoja, chini kabisa ya mawe ya msingi. Fimbo ikaingia yote, hadi mkono wake. Alinitazama kama mtu aliyemwona maiti akipiga chafya. Akaendelea kuchimba siku mbili, futi tatu, tano, saba, ndipo akakuta changarawe nyekundu, ile maramu anayoijua ya mjini, isiyobadilika kwa jua wala kwa mvua.

"Tulijenga juu ya kitu inapumua," alisema. "Jua inaikunja, mvua inaivimbisha."

Kamati ilikutana palepale, zikiwa zimebaki siku nne shule ifunguliwe. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kipyego, mtu wa maneno machache. Mwalimu Jackson alisema ufa ule ulijifunga mwaka jana na mwaka huu utajifunga, watoto wasirudishwe kwenye nyasi kwa ajili ya fundi mwenye wasiwasi. Wengi walikubali. Na niseme ukweli, hata mimi nilitaka ifunguliwe. Mawe mia! Nilisimama nikasema hayo mbele ya mume wangu, na alinitazama mara moja tu.

Mzee Kipyego akamgeukia. "Wepukhulu. Ile kona. Utakalisha mtoto wako hapo?"

Wepukhulu aliipapasa kona kutoka chini kwenda juu.

"Hapana, Mzee."

"Basi wangu pia hakai. Na ukiibomoa ukachimba hizo futi saba, itasimama?"

Hapo ndipo mtu mwingine angedanganya. Ningekuwa mimi, ningedanganya.

"Sijui, Mzee. Nilijua ile ya kwanza, na ona. Hii sijui."

Kelele zikazuka. Mama mmoja alimrushia kata ya kichwani, ile aliyobebea mawe. Lakini Mzee Kipyego alishapanda ngazi kwenda kung'oa bati la kwanza.

Tulibomoa. Tulichimba hadi kwenye maramu kuzunguka nyumba nzima, wanaume wakizama hadi vichwa visionekane, na mawe yakaanza kurudi chini. Yaliingia, yakaingia. Jiwe langu lenye msalaba nililiona likienda chini kabisa, kona ya tatu. Msingi ulipofika juu ya ardhi, mawe yaliyobaki yalitosha kufika kwenye madirisha tu. Na hakuna mwanamke aliyekubali kubeba mengine, mimi nikiwa wa kwanza kukataa. Juu tukamalizia kwa fito na matope.

Wageni walikuja wakauliza shule ya mawe iko wapi. Vijana wakasema, "Wepukhulu aliizika." Jina likashika. Alialikwa kujenga mara chache sana baada ya hapo, na kila alipoalikwa aliwachosha watu kwa maswali: hapa kabla kulikuwa na nini, mvua ikinyesha mlango unakwama, jua likiwaka je? Wenye haraka walitafuta fundi mwingine asiyeuliza.

Kile kipande cha nne cha kioo alikibandika kwenye kona mpya, juu ya kiungo cha mawe mawili. Kila Jumapili baada ya ibada alienda kukitazama. Mvua moja, mvua ya pili, ya tano. Hakuwahi kusema amefaulu. Alirudi akisema, "Bado," kama mtu anayesubiri habari mbaya.

Mwaka wa 1957 kifua kilimlaza. Ilikuwa Februari, udongo umekauka na kupasuka kila mahali. Asubuhi moja akaniambia, "Nenda uangalie kioo."

Nikaenda. Watoto walikuwa ndani, wanaimba hesabu. Niliinama pale kwenye kona, nikarudi.

"Ni kizima."

"Uliangalia vizuri?"

"Nimejiona uso wote, Baba Nanzala. Nimezeeka."

Alifikiri. "Sasa ni vile tulichimba chini, ama ni bahati tu?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hata mimi." Akakohoa, akapumzika. "Ile kona, nani anakaa hapo siku hizi?"

"Ni Khisa wetu. Anapenda dirisha."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikainuka nimwache.

"Mwambie asihame," alisema.