Nusu Sentimita

Mama Rula, ndivyo wanavyomwita maabara, haamini kuwa bunduki ni tupu mpaka aichungulie mwenyewe. Huingiza kijiti kwenye mtutu polepole, kama anayemsafisha mtoto sikio; kikigota hukitia alama ya penseli, akakitoa na kukipima huku amebana pumzi. Leo mpelelezi, mume wa mdogo wake, kamsimamia begani. Mtutu ukiwa mfupi kuliko sheria inavyoruhusu, mshukiwa aliyekamatwa na bunduki anafungwa. Huu umezidi kipimo hicho kwa nusu sentimita; ni halali.

"Shemeji, nusu tu! Nani atajua?"

Anakirudisha kijiti mtutuni. Mpelelezi anatabasamu, akidhani mambo yameiva.

"Umenisemesha kabla sijaandika, shemeji. Naanza upya."

Anapima tena, pumzi kaibana. Nusu sentimita iko palepale.