Kaniki ya Mkononi

Zuhra alikuwa anauogopa mkasi.

Mkasi wenyewe ulikuwa wa mwalimu Zefania, mwalimu wa nidhamu, mtu wa bara, mrefu, asiyecheka. Kila Jumatatu, wimbo wa taifa ukiisha, alipita kati ya mistari akitazama miguu. Mvulana aliyebana suruali mpaka ikawa modo aliitwa mbele. Mkasi ukapanda kutoka kwenye upindo hadi gotini. Kra, kra.

"Kheri, leo umevaa gauni!" wenzake wakamcheka.

Kheri naye alicheka. Kesho yake kashaishona, kaibana zaidi.

Wasichana nao walikuwa na yao. Sketi inakunjwa kiunoni, inashikwa kwa pini. Hijabu inarudishwa nyuma kama ya wale mabinti wa kwenye simu. Likizuka jipya, wiki haiishi hosteli nzima inalo.

Zuhra hakuwa mtu wa mambo hayo. Alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa Maparoni, kijiji cha deltani, msichana wa maneno machache. Mama yake aliolewa mbali, yeye akabaki kwa babu yake Swalehe na bibi yake Sijaona. Bibi ndiye aliyemfundisha kuamia ndege shambani mpunga ukiiva. Bibi ndiye aliyesema mtoto huyu lazima aende sekondari Kibiti, na aliyebishana na kila aliyekataa.

"Mke mwenzangu," alikuwa akimwambia, "wewe kasome. Huyu mzee niachie mimi, nimeshamzoea."

Masika ya mwaka huo bibi aliugua, akafa. Zuhra alifika nyumbani bibi kashazikwa.

Khitma ilipokwisha, babu alichukua kaniki nyeusi ya marehemu, akachana ukanda mwembamba, akamfunga Zuhra mkono wa kushoto. Ndivyo ufanyavyo ukoo wao. Jirani zao hawafanyi, hata wengine Maparoni hawaijui. Mtoto aliyelelewa na marehemu hufungwa, ili marehemu asimwite amfuate.

"Kaa nacho," babu alisema. "Usikivue. Arobaini ikifika nitakufungua mwenyewe."

"Na kikikatika, babu?"

"Kikikatika chenyewe, basi. Kikikatwa na mkono mwingine..."

Hakumaliza. Alikwenda akakaa mlangoni, pale alipokuwa akikaa bibi, akatazama nje. Zuhra hakuuliza tena. Alirudi shule na neno lile lisilomalizwa, na lilimsumbua kuliko kama lingemalizwa.

Hosteli, wa kwanza kumwona alikuwa Recho. Recho mama yake ni muuguzi, wamehamia Kibiti kutoka Dar, na kwa mambo ya kuvaa yeye ndiye aliyekuwa akisikilizwa.

"Shosti, nini hiyo mkononi?"

Wasichana wote waligeuka. Zuhra alijua la kusema. Aseme bibi yangu amekufa, basi. Lakini alijua pia kwamba akilitamka atalia mbele yao, na wakijua kitambaa kimetoka kwa maiti watamkimbia, atabaki na kitanda chake peke yake.

"Fasheni tu," akasema. "Dar wanavaa."

Recho alikitazama kitambaa. Angesemaje kwamba cha Dar yeye hakijui?

"Eeh, nimeziona!" akasema. "Mbagala kote ndiyo hizo. Kali!"

Siku hiyo hiyo alichana bitana nyeusi ya begi lake, akajifunga. Thuwaiba wa kitanda cha pili akachana soksi ya zamani. Kabla ya Ijumaa upande wa wavulana nao walikuwa nazo. Kheri alijifunga mbili mkono mmoja, akawa anapita madarasani ameukunja kama bondia.

Zuhra alipowaona mstarini, mikono imenyooka kwenye mishono ya sketi na suruali, alihisi baridi. Ule ulikuwa msiba wa watu wasiofiwa. Na aliyewavika ni yeye. Alianza kushtuka ovyo. Akichota maji bombani alisikia mtu nyuma yake akisema, "Mke mwenzangu." Akigeuka, ndoo tu na foleni ya wasichana. Hapo akaelewa anachoogopa. Bibi alikuwa na haki ya kumwita. Amemkana mbele ya watu, amemfanya fasheni.

Ijumaa, mwalimu Zefania alisimama mbele ya mistari, mikono nyuma.

"Hivi vitambaa vyeusi ni nini?"

Kimya.

"Ni kundi? Nani kiongozi wenu?"

Kuna waliomtazama Recho. Recho alitazama viatu vyake.

"Haya. Jumatatu mtakuja navyo hapa, na mikono yenu. Nitavikata kimoja baada ya kingine. Na atakayekivua kabla, nitamjua kwa alama mkononi, huyo atalima eneo lote la nyuma ya jiko."

Jumamosi Zuhra aliazima simu ya matroni, akampigia jirani yao Huseni ampe babu. Haikupatikana. Maparoni mtandao huja unapotaka. Jumapili alijaribu kulilegeza fundo kwa meno, akaacha. Lilikuwa fundo la babu, na mkono wake yeye nao ulikuwa mkono mwingine. Akateremsha mkono wa shati mpaka kwenye vidole, akalala hivyo.

Jumatatu ikafika. Wimbo ukaimbwa. Zuhra alifungua kinywa tu.

"Mimi akikata, kesho navaa kingine," Recho alinong'ona mbele yake. "Bitana bado ninayo."

Kheri aliitwa wa kwanza. Alinyoosha mkono kama mtu anayepimwa shinikizo la damu, mstari ukacheka. Kra. Kra. Vikaanguka viwili. Alipogeuka, akainama kuwashukuru mashabiki.

Mwalimu akaingia upande wa wasichana, akaanzia mstari wa Zuhra, nyuma. Wa kwanza. Wa pili. Zuhra alisikia mkasi ukija. Alimwona babu mlangoni, amefunga mdomo kwenye lile neno lake.

"Mkono."

Hakuutoa. Mwalimu aliushika mwenyewe, akapandisha shati, akapitisha mkasi chini ya ukanda. Chuma kilikuwa cha baridi kwenye mshipa.

"Usikate!" Zuhra alipiga kelele iliyofika barabarani. "Mwalimu, nakuomba, usikate! Hicho cha maiti!"

Mkasi ukasimama.

"Umesema?"

"Kaniki ya bibi yangu. Amekufa. Babu ndiye wa kunifungua. Akikata mtu mwingine..." Naye hakuweza kumaliza.

"Mbona hukusema?"

Zuhra alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia nyumbani.

"Niliwaambia ni fasheni," akasema. "Niliwaambia Dar wanavaa."

Thuwaiba alipiga ukelele, akawa anakung'uta mkono kama mtu aliyeparamiwa na tandu. "Nitoeni! Nitoeni jamani!" Mistari ikavunjika. Kila mmoja anataka atolewe, hakuna anayetaka kumgusa mwenzake. Recho aliushika mkono wake mbali na mwili kama si wake.

"Zuhra, umetuvisha maiti!"

"Mimi kashanikata!" Kheri alikuwa anapiga kelele kutoka upande wa pili. "Viwili! Sasa inakuwaje? Mwalimu, virudishe!"

Mwalimu Zefania aliutoa mkasi taratibu chini ya ukanda, kama anayeutoa kwenye mdomo wa nyoka. Akaufuta kwenye suruali yake, mara mbili tatu. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ile ya paredi.

"Kwetu tunanyoa nywele," akasema. "Mama alipokufa walininyoa. Hakuna aliyethubutu kunigusa kichwa." Alimtazama Zuhra. "Hiki sikikati. Lakini hawa wengine, unaona? Mkono wangu hawautaki tena."

Akamgeuzia mkasi, mpini mbele.

"Wewe ndiye uliyewavika. Wavue."

Zuhra hakuwahi kushika mkasi mzito hivyo. Thuwaiba alikuwa wa kwanza kuleta mkono, akafumba macho. Soksi ya zamani ilikuwa ngumu, ilibidi akate mara mbili.

"Hiki hakina mtu," akamwambia.

Hakujua maneno yametoka wapi. Wa pili akaleta mkono, akamwambia hivyo hivyo. Hiki hakina mtu. Hiki hakina mtu. Wakajipanga wenyewe, bila kuambiwa na kiranja. Kila mkono uliokuja ulikuwa baridi, na kila aliyekatwa aliondoka akijisugua.

Kheri alikuja na mikono mitupu.

"Na mimi niambie."

"Chako kilikuwa soli ya ndani ya raba, Kheri."

"Niambie hivyo hivyo."

"Hakikuwa na mtu."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Kuna aliyecheka, kidogo.

Recho alikuja mwisho kabisa. Bitana ilikatika mara moja. Akatazama mkono wa Zuhra.

"Na chako?"

"Changu kina mtu."

Mwalimu alisema vitambaa vichomwe. Hakuna aliyevigusa. Zuhra akavikusanya mwenyewe kwenye upindo wa sketi, akavipeleka jikoni, akavitia motoni mbele ya mpishi ambaye hakuuliza kitu.

Darasani alikuta dawati la Recho limesogezwa, limegusana na lake. Alidhani angelikuta limehamishwa mbali. Recho alikuwa ameinamia daftari, haandiki.

"Zuhra," akanong'ona. "Bibi yako ananijua?"

"Hakujui."

"Una hakika?"

"Hakuwahi kufika Kibiti ila akipita kwenda hospitali."

Recho akalifunga daftari.

"Hata hivyo mwambie nilikuwa natania. Sikujua."

"Nitamwambia," Zuhra akasema.

Akaweka mkono wa kushoto juu ya dawati, wazi, shati limepanda. Bado alikuwa anaogopa. Arobaini ilikuwa mbali. Akamwambia bibi yake, moyoni, la kwake kwanza, kabla ya la Recho: nisamehe.